Mguu wa Kulia Haupendi Disko

Mume wangu ni mpiga dramsi, na kama hujawahi kuolewa na mpiga dramsi nakupa pole au hongera, utachagua mwenyewe. Mtu huyu hawezi kukaa mezani bila kugonga meza. Chai ikichelewa anagonga, chai ikija anagonga, na akishiba ndiyo balaa lenyewe, maana anachukua vijiko na kila sahani inageuka kuwa toazi. Mtaani wanamwita Vijiti. Mimi namwita baba watoto nikiwa na raha naye, na nikikasirika namwita mpangaji.

Basi huyu mpangaji alivunjika mguu. Alivunjikaje? Jukwaani, katikati ya wimbo. Kiti chake kilikuwa ukingoni kabisa mwa jukwaa, upande wa nyuma, na nilimwambia kwa mdomo wangu huuhuu kabla hawajaanza, "Baba watoto, hicho kiti kisogeze mbele." Akanijibu kwamba mpiga dramsi hafundishwi kukaa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini sidhani kama walitegemea mtu aende akalithibitishe mbele ya ukumbi mzima. Wimbo ulipopamba moto alijitupa nyuma ili apige toazi la mwisho kwa mbwembwe, kiti kikaenda, naye akakifuata. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Rafiki yake mpiga besi, wa tangu ujana, aliendelea kupiga hadi ubeti ukaisha, ndipo akageuka kuuliza ngoma zimekwenda wapi.

Ulikuwa mguu wa kulia, mfupa wa paja. Madaktari wakauunga kwa vyuma, ukashika vizuri, picha zikaonyesha hauna neno. Tatizo likawa mwenyewe. Hakutaka kuukanyagia. Alijining'iniza kwenye fremu ya kutembelea, akaruka kwa mguu wa kushoto, na ule wa kulia akawa anaubeba tu kama mzigo wa mtu mwingine.

"Mfupa umepona, mzee," alimwambia binti wa mazoezi, yule mtaalamu wa viungo aliyepewa kazi ya kumtembeza. "Kilichobaki ni woga."

"Mimi simwogopi mtu," akasema baba watoto.

"Simaanishi mtu, mzee. Namaanisha sakafu."

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili lilininyima usingizi. Sisi tunakaa ghorofa ya juu kabisa, na lifti katika jengo letu ni neno tu ambalo mwenye nyumba hulisikia kwa wenzake. Asiyeweza kupanda ngazi hafiki kwetu. Na wifi yangu, dada yake mkubwa, anaishi peke yake katika nyumba ya chini isiyo na kidato hata kimoja, naye alishasema kwamba siku ya kutoka hospitali kama ndugu yake hawezi kupanda, atamchukua yeye. Alishatandika kitanda. Alishanunua mto. Si mtu mbaya wifi yangu, ila anapenda kimya kuliko anavyopenda watu. Saa yake ya ukutani aliitoa betri kwa sababu, alisema, ilikuwa inamgombeza.

"Kwangu dramsi haziingii," aliniambia. "Na cherehani yako nayo, wifi, ina makelele. Wewe baki na wateja wako, uwe unakuja kumwona Jumapili."

Jumapili! Mume wangu mwenyewe niwe namtembelea kama mgonjwa wa jirani! Nilitabasamu kwa heshima, kisha nikaenda kulia chooni. Nasema wazi, nililia. Nyumba ilikuwa imekaa kimya tangu alazwe, nikagundua kwamba siwezi hata kushona mshono ukanyooka bila mtu kugonga meza ya pili. Nilimtaka arudi na makelele yake yote.

Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa korido. Kilikuwa na kioo ukuta mzima, vyuma viwili sambamba vya kushikilia, na ngazi fupi ya mbao isiyokwenda popote: unapanda upande huu, unashukia upande wa pili. Baba watoto alipoiona alicheka, akasema hiyo ni ngazi ya wanasiasa. Kisha akakataa kuipanda.

Binti wa mazoezi alianza na kidude cha kugonga mapigo. Tak, tak, tak. Kila kikigonga, hatua moja. Mume wangu alisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akatamka hukumu.

"Kidude chako kinachelewa."

"Mzee, hiki hakiwezi kuchelewa. Ndicho kinachotumika kupimia wengine."

"Basi wengine wote wanachelewa. Weka muziki, mwanangu, tuheshimiane."

Yule binti, Mungu ambariki, alikuwa na spika ndogo na moyo mkubwa. Akaweka bluzi. Nikaona bega la mume wangu linalegea, nikasema afadhali, leo tutaondoka hapa. Akainua mkono.

"Subiri. Unajua huu muziki unatoka wapi?"

Wenzangu, hapo ndipo tulipokwisha. Huyu mtu hawezi kusikia muziki bila kukupeleka ulikozaliwa. Alisimama katikati ya vile vyuma akamweleza binti wa watu habari za mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, za wajukuu wa waliouzwa utumwani, walioimba juani ili siku iishe. "Sikiliza unavyojengwa. Mstari wa kwanza mtu analalamika. Wa pili anarudia malalamiko yaleyale, uhakikishe umesikia. Wa tatu ndipo anakwambia sababu."

"Kama dada yako," nikasema.

"Dada yangu hafiki wa tatu," akasema. Tukacheka mpaka mgonjwa mwingine wa mazoezi akatuomba tumweleze, na kuja kuangalia saa, muda wa mazoezi umeisha na mguu haujasogea hata unene wa kucha.

Siku iliyofuata ikawekwa rege, baada ya kumwapisha kwamba hatoi historia. Alijikaza, maskini, lakini ikamtoka hivyohivyo, Jamaika na ule muziki wa ska ulioitangulia na jinsi mdundo ulivyopunguzwa mwendo mpaka ukawa unatembea kama mtu asiye na haraka ya kurudi kazini. Kisha akaanza kweli kutembea. Akainua mguu wa kulia, akauacha hewani. Ukabaki hewani. Binti akapiga kelele, "Shusha, mzee, shusha!"

"Nishushe wapi? Pigo la kwanza kwenye rege linaachwa wazi! Ngoma kubwa ya mguu, hii ninayoipiga kwa mguu wa kulia, inashuka kwenye la tatu!"

Lilipofika la tatu mikono ilikuwa imeshachoka, akaketi.

Tukajaribu jazi. Hiyo ndiyo mama yake mzazi, anaipenda kuliko nafsi yake. Alisema ilizaliwa New Orleans, pale matarumbeta ya maandamano yalipokutana na bluzi, na kila mpigaji akapewa ruhusa ya kusema la kwake papo hapo bila kuandikiwa. Vizuri. Lakini katika jazi, alisema, ngoma ya mguu haipigwi, inabembelezwa. Basi mguu wa kulia ukawa unagusa sakafu kwa ncha ya kidole kama anaonja maji ya kuoga, na wa kushoto, ule wa kubana matoazi, unakanyaga kwa nguvu kwenye la pili na la nne. Akawa anachechemea kuliko alipokuwa hana muziki.

Mwanetu wa mwisho, anayetengeneza hiphop chumbani kwake, akasema hao wote wazee watupu, akaleta ya kwake. Hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia: baba alilainika. "Hawa vijana nawaheshimu," alisema. "Walikuwa kwenye sherehe za mtaani huko New York, wakaona watu wanachangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma inabaki peke yake. Wakachukua santuri mbili zinazofanana, wakakirefusha kile kipande. Muziki mzima umejengwa juu ya mpiga dramsi!" Mwanetu akavimba kichwa. Baba akasikiliza kidogo tena. "Ila huyu mpigaji wako umemfungia kwenye boksi, anarudia kipande kimoja hadi kiama. Mfungulie aende akale." Mguu haukusogea.

Mpiga besi naye akaja na rumba, na hiyo karibu ituue. Kwanza wazee wawili walibishana nani hasa aliyeizaa, wakakubaliana kwamba mdundo ulitoka Afrika na watu waliotekwa, ukavuka maji, ukakulia Kuba, kisha ukarudi Kongo ndani ya santuri na wenyewe wakamtambua mtoto wao kwa sura. Sehemu ya kwanza ya wimbo, ile ya taratibu ya kuimba mapenzi, mume wangu alisimama kimya.

"Mbona huendi?" nikamuuliza.

"Nangoja chemko."

Chemko likaja, kile kipande cha kuchangamka. Magitaa yakaanza kukimbizana, na yeye, mpiga dramsi tangu ujana, angefanya nini chemko linapoingia? Aliachia vyuma vyote viwili akaanza kupiga dramsi za hewani! Binti alimdaka kwa mkanda wa suruali. Mpiga besi, badala ya kusaidia, alikuwa amefumba macho anatikisa kichwa.

"Maneno matupu hayavunji mfupa," nilifoka, "lakini wewe utauvunja tena kwa muziki!"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na sketi ya mteja mapajani, naipindia upindo, pini nimeshazitoa mdomoni ili nifoke. Binti naye alikuwa anamtazama miguu badala ya uso, amekunja paji.

"Mama," akaniambia taratibu, "mzee hatembei. Mzee anapiga."

Ikawa kweli. Kila wimbo ukiwekwa, miguu yake ilikwenda kazini. Ilifanya kile inachofanya chini ya dramsi katika muziki ule, basi, haikujua kitu kingine.

"Sasa, mzee," binti akasema, "hakuna muziki ambao mguu wa kulia unakanyaga kila pigo? Bila kuruka, bila kubembeleza?"

Mpiga besi akatazama dari. Baba watoto akatazama kucha zake. Mimi nilikuwa nalijua jibu tangu nikiwa msichana mwenye suruali pana chini na viatu vya kisigino kirefu.

"Disko," nikasema.

Wewe! Ungedhani nimemtukana marehemu. "Katika disko," alisema baba watoto, "mguu wa kulia unapigilia misumari. Moja, mbili, tatu, nne, wimbo mzima, kama fundi wa paa. Huo si muziki, huo ni ujenzi." Kisha akasema lililokuwa moyoni. Disko ilipoingia, kumbi zikagundua kwamba mtu mmoja na santuri zake anatosha. Bendi nzima ikaambiwa iende nyumbani ikapumzike. Yeye na mpiga besi walipumzika mpaka viatu vikaisha soli. "Siku nikifa ndiyo mniwekee disko," akamalizia, "kwa sababu sitasikia."

Nilikuwa naijua ile njaa, niliila naye. Lakini pia nilijua disko ilizaliwa kwenye vilabu vya watu waliofukuzwa kwingine, weusi na wageni na wasiotakiwa, waliotaka mahali pa kucheza tu bila kuulizwa, na mdundo ukawekwa sawasawa namna ile ili hata asiyejua kucheza asipotee. Tangu niolewe nilikuwa naisikiliza kwa sauti ndogo, mume akitoka, cherehani ikiifunika.

Siku ya kutoka ikafika, mchana, jua kali. Binti aliomba ruhusa akaja nasi, kwa sababu alitaka kumwona kwenye ngazi ya kweli. Tukafika mlangoni mwa jengo, na wifi yangu alikuwa ameshafika, gari limefunguliwa milango, ule mto mpya umewekwa kitini.

"Ajaribu," alisema wifi kwa upole, na upole wake ndio uliniudhi. "Akishindwa, tunaondoka. Hakuna aibu."

Binti akamweleza mara ya mwisho. Mkono mmoja kwenye reli, mwingine kwenye mkongojo. Mguu mzima, ule wa kushoto, ndio unaotangulia kupanda. Lakini ili mguu mzima uinuke, huu wa kulia lazima uubebe mwili wote kwa kitambo kidogo. Hicho kitambo ndicho tu kinachotakiwa. Baba watoto akashika reli. Akasimama. Majirani wakatoa vichwa milangoni, ngazi nzima, hadi juu. Jasho likamtoka. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona siku zote za ndoa yetu: huyu mtu wa mbwembwe alikuwa ameogopa kama mtoto.

"Mama watoto," akaninong'oneza, "siwezi."

Wifi akaja akamshika kiwiko, kwa huruma ya kweli. Na mume wangu akageuka kuelekea gari!

Hasira ilinipanda kutoka unyayoni. Nilikunja gauni nikapanda zile ngazi mbiombio, umri huu, nikawapita majirani wananiuliza kuna nini, nikaingia ndani, nikaibeba spika kubwa ya mwanangu kwa mikono miwili nikaiweka mlangoni, mdomo ukitazama chini ngazini. Nikatafuta wimbo. Nikaufungulia mpaka mwisho.

Dum. Dum. Dum. Dum. Na kati ya kila dum, toazi linanyunyiza: tsi! Jengo zima likatetemeka. Kutoka chini nikasikia sauti ya mume wangu.

"Nani ameweka hiyo takataka?"

"Mimi!" nikapiga kelele.

"Zima!"

"Njoo uzime mwenyewe!"

"Nakwambia zima, mwanamke, unanivunjia heshima mbele ya watu!"

"Mpiga dramsi hafundishwi kuzima! Panda!"

Nikachungulia juu ya reli. Ndugu zangu, alikuwa amejinasua kwa dada yake. Mguu wa kushoto ulikuwa kwenye kidato cha kwanza na hakuwa amegundua. Ule wa kulia ulikuwa unakanyaga. Dum, unakanyaga. Dum, unakanyaga. Hakuutuma yeye, ulijituma, ulijua kazi yake kwenye muziki ule hata kama mwenyewe anautukana. Kidato cha pili. Cha tatu. Binti alikuwa nyuma yake ameshika mkanda kwa mkono mmoja, na mkono wa pili amejiziba mdomo.

"Misumari!" alikuwa anapiga kelele baba watoto, anapanda. "Sikieni! Misumari mitupu! Hakuna hata kujikunja kidogo!" Kidato. "Mtu hajui kupiga anapewa ngoma!" Kidato. "Waliotuua kwa njaa hawa!" Kidato, kidato.

Majirani wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Mama wa ghorofa ya pili akatoka na sufuria na mwiko. Mpiga besi, aliyekuwa amebeba begi la nguo za mgonjwa, alilitua begi akaanza kutikisa mabega, halafu akaona aibu, halafu akaacha kuona aibu. Chini kabisa wifi yangu alikuwa ameziba masikio kwa viganja, machozi yanamtoka, lakini anacheka, anasema, "Jamani, anapanda! Huyo anapanda!"

Kwenye kona ya mwisho alipumzika, anahema, akaniinulia macho. Mimi nilikuwa nimesimama juu mlangoni nacheza. Sikuweza kujizuia. Miguu ilikumbuka kila kitu, kiuno nacho kilijaribu. Akanitazama muda mrefu, mguu wa kulia ukiendelea kukanyaga pale aliposimama.

"Kumbe unajua kucheza hivyo?" akauliza.

"Ungejulia wapi?" nikamjibu. "Wewe siku zote uko nyuma ya dramsi. Hata harusi yetu ulipiga wewe. Mimi nilicheza na wifi."

Hilo lilimwingia. Akapanda vidato vilivyobaki bila tusi hata moja. Alipofika juu, spika ilikuwa miguuni pake na kitufe cha kuzimia kinamtazama. Binti akasema, "Mzee, umefika." Baba watoto akaegemeza mkongojo ukutani. Akanishika mkono wa kulia, na mwingine akauweka kiunoni mwangu, vibaya, kama mtu aliyewaona wengine wakifanya miaka nenda rudi kutoka mbali. "Mcheza kwao hutunzwa!" akapaza sauti mama wa sufuria, na ngazi nzima ikapiga vigelegele. Tukacheza. Alinikanyaga. Alinikanyaga kwa mguu wa kulia, kwa uzito wake wote, kwenye kila pigo, na sijawahi kuumia kwa raha kama ile.

Wimbo ukaisha. Alikuwa anahema, shati limelowa, bado amenishika.

"Muziki wa hovyo kabisa huu," alisema.

"Najua."

"Hauna akili hata chembe."

"Najua, mume wangu."

"Haya," akasema, "urudie."